Ndoa na Mthai: kupata viza ya Non-O na kuongezewa mwaka mmoja Thailand

Viza inakufikisha mlangoni tu. Tarehe ambayo afisa wa uhamiaji anaipiga muhuri kwenye pasipoti ndiyo inayosema utakaa mpaka lini. Aliyeoa au kuolewa na raia wa Thailand huanza na viza ya Non-Immigrant O, ambayo watu huiita Non-O, naye hupewa siku 90. Kabla siku hizo hazijakwisha huomba ofisi ya uhamiaji ya mkoa anakoishi imwongezee mwaka mmoja, kisha huomba tena kila mwaka.

Maombi mengi yanayorudishwa hayarudishwi kwa sababu ndoa inatiliwa shaka. Hurudishwa kwa sababu ya tarehe: fedha zimeingia benki wiki moja baadaye kuliko ilivyotakiwa, karatasi ya ndoa ni ya zamani, barua ya benki imechukuliwa mapema mno. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi, chukua kalenda.

Hatua ya 1: Ndoa isajiliwe wilayani

Uhamiaji wa Thailand wanataka ndoa iliyoandikishwa kwenye ofisi ya wilaya, inayoitwa amphoe mikoani na khet mjini Bangkok. Nikaha peke yake, harusi ya kanisani, au sherehe ya kijijini yenye watawa na wazee wa pande zote mbili, hazitoshi. Hata katika mikoa ya kusini ya Pattani, Yala, Narathiwat na Satun, ambako Waislamu hufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya familia na mirathi, anayetaka kuomba muda wa kukaa kwa msingi wa ndoa apite amphoe. Ndoa ya pili haisajiliki kwa mtu ambaye bado yumo katika ndoa nyingine. Tangu 23 Januari 2025 ndoa za watu wa jinsia moja nazo husajiliwa, na umri wa chini wa kuoana ni miaka 18.

Mkioana Thailand, mgeni anahitaji barua ya ubalozi wake inayothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Barua hiyo hutafsiriwa kwa Kithai, tafsiri hupelekwa Idara ya Mambo ya Konsula ya Wizara ya Mambo ya Nje iliyoko Barabara ya Chaeng Watthana, Bangkok, igongwe muhuri, ndipo mnakwenda amphoe. Mkenya ana ubalozi Bangkok. Mtanzania aanze mapema zaidi, kwa kuwa ubalozi unaoshughulikia Thailand kwa niaba ya nchi yake uko Kuala Lumpur. Tahadhari ndogo: makao ya uhamiaji ya Bangkok nayo yako Chaeng Watthana, lakini ni jengo jingine kabisa. Mwambie dereva wa teksi ni ofisi ipi, la sivyo asubuhi yako itaishia barabarani.

Amphoe itawapa karatasi mbili ambazo utazisikia zikitajwa maisha yako yote huko. Kor Ror 3 ni cheti chenyewe, chenye mapambo, na kila mmoja wenu hupewa chake. Kor Ror 2 ni ukurasa wa rejesta wenye maelezo na sahihi zenu. Cheti kinapendeza ukutani, ila uhamiaji huitazama zaidi Kor Ror 2, tena nakala mpya iliyotolewa na amphoe karibu na siku ya maombi. Nakala mpya inawaonyesha kwamba hamjaachana. Iliyotoka mwaka jana itarudishwa dirishani.

Kama mlioana Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko nje ya Thailand, cheti hicho nacho ni halali, lakini lazima kiingizwe kwenye rejesta ya Thailand ili mpate Kor Ror 22. Cheti kutoka RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, au kwa Msajili wa Ndoa wa Kenya kithibitishwe kwanza na wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyokitoa, kisha na ubalozi wa Thailand, kitafsiriwe kwa Kithai, kipite Chaeng Watthana, halafu kifike amphoe. Fanya hatua za nyumbani ukiwa bado nyumbani. Kutuma cheti kutoka Udon Thani kwenda Dodoma kutafuta muhuri ni gharama na wiki nyingi.

Hapa majina huleta matata. Wengi wetu tuna majina matatu, na mara nyingi pasipoti ina matatu wakati cheti cha ndoa kina mawili, au herufi zimepishana. Afisa wa Thailand huona watu wawili tofauti. Rekebisha kabla ya tafsiri. Na mfasiri akishaandika jina lako kwa herufi za Kithai, tunza namna alivyoliandika na umpe kila mfasiri atakayefuata, ili liwe lile lile kwenye ndoa, cheti cha mtoto na kila faili.

Hatua ya 2: Kuingia kwa viza iliyo sawa

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda huomba viza kabla ya safari. Ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi ndio unaoshughulikia nchi hizi, na tangu 1 Januari 2025 maombi hufanywa mtandaoni kupitia thaievisa.go.th. Chagua Non-Immigrant O kwa kigezo cha kuishi na familia ya Mthai. Pakia pasipoti, picha, cheti cha ndoa, kitambulisho cha mwenzi wako pamoja na kitabu chake cha usajili wa nyumba, yaani tabien baan, ushahidi wa fedha, na barua fupi ya mwenzi inayosema mtaishi wapi. Ada ya kuingia mara moja ni sawa na baht 2,000. Ipo pia ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, sawa na baht 5,000, na kila unapoingia unapewa siku 90. Hii inamfaa anayekwenda na kurudi, sio anayehamia.

Hizi nchi tatu, pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo, zimo kwenye orodha ya Thailand ya maeneo yenye homa ya manjano. Bila cheti cha chanjo huenda usipandishwe ndege. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Tangu 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza pia kadi ya kuingia ya kidijitali, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kutua. Ni bure, tovuti inayokudai pesa kwa ajili yake si ya serikali.

Aliyekwisha kuingia kwa viza ya utalii anaweza kuomba abadilishiwe kuwa Non-O akiwa humo humo nchini, kwa fomu TM.86 na ada ya baht 2,000. Sharti ni kubakiwa na angalau siku 15 za kukaa. Usifike zikiwa 15 kamili: karatasi moja ikikosekana, kesho yake huna tena haki ya kuomba. Fika zikiwa 25 au zaidi. Fedha za benki huangaliwa hapa pia, tena ofisi hutaka kuona zilitoka nje ya nchi.

Hatua ya 3: Fedha, na hesabu ya siku

Kanuni inayosimamia jambo hili ni agizo la Polisi ya Taifa ya Thailand namba 327 la mwaka 2557 kwa kalenda ya Kithai, yaani 2014. Inasema mwanamume mgeni aliyeoa mwanamke Mthai awe na moja kati ya mawili: kipato cha baht 40,000 kwa mwezi, au baht 400,000 kwenye benki ya Thailand ambazo zimekaa si chini ya miezi miwili. Mwanamke mgeni aliyeolewa na mwanamume Mthai hakuwekewa sharti hili la fedha. Wanawake wengi hukusanya laki nne bila kulazimika, kwa sababu walisoma maelezo yaliyoandikwa na wanaume.

Tuanze na akiba, maana ndiyo njia inayoeleweka upesi dirishani. Akaunti iwe kwa jina lako peke yako. Akaunti ya pamoja na mke hukataliwa hata ikiwa na milioni. Akaunti ya kawaida ya akiba yenye kitabu ndiyo rahisi kukaguliwa. Weka baht 410,000 au zaidi, kwa kuwa ada ya kadi ya mwaka ikikatwa na salio likashuka hadi 399,800 kwa siku moja, hesabu ya miezi miwili imevunjika na unaanza upya. Ukitaka pesa ya matumizi, fungua akaunti ya pili na hii usiiguse.

Sasa kalenda. Tuseme umeingia 1 Machi. Siku ya kuingia huhesabiwa, kwa hiyo siku zako 90 zinaisha 29 Mei. Ofisi nyingi hupokea maombi ndani ya siku 30 za mwisho, yaani tangu mwishoni mwa Aprili. Umeamua kwenda 20 Mei ili ubaki na siku chache za kurekebisha mambo. Basi fedha lazima ziwe zimeingia kabla ya 20 Machi. Una chini ya wiki tatu kutua, kupata uthibitisho wa makazi, kufungua akaunti na kupokea fedha kutoka nyumbani. Benki nyingine za Thailand zinasita kumfungulia mgeni ambaye bado hajapata nyongeza ya mwaka, na meneja wa tawi moja anaweza kukukatalia wakati wa tawi jingine la benki hiyo hiyo anakukubalia. Nenda na mwenzi wako, kitabu chake cha nyumba na cheti cha ndoa, kwenye tawi analotumia yeye. Ukikataliwa, usibishane, jaribu tawi la pili siku hiyo hiyo.

Fedha zikiingia 5 Aprili, miezi miwili inatimia 5 Juni na ruhusa yako imeisha 29 Mei. Hapo kuna mlango wa pembeni: aliye na mke, mume au mtoto Mthai anaweza kuomba siku 60 za kumtembelea, mara moja kwa kila kuingia, kwa baht 1,900. Ruhusa itasogea hadi 28 Julai na hesabu ya benki itatimia katikati.

Unapotuma kutoka Afrika Mashariki, zidisha kidogo, kwa sababu benki za njiani hukata ada na kiasi kinachofika huwa pungufu. Tuma dola au fedha nyingine ya kigeni, zibadilishwe Thailand. Programu nyingi za simu za kutuma fedha hukulipa kupitia benki ya ndani, na kwenye kitabu muamala unaonekana kama umetoka Bangkok. Kwa akiba ya laki nne katika nyongeza ya mwaka hilo halina madhara makubwa. Kwa njia ya kipato linaua ombi, maana pale unathibitisha kwamba pesa inatoka ng'ambo kila mwezi. Kitabu cha Bangkok Bank, kwa mfano, huonyesha alama FTT kwa fedha iliyotoka nje. Kama huioni, omba benki barua ya kuthibitisha chanzo.

Njia ya kipato yenyewe inataka baht 40,000 ziingie kila mwezi kwa miezi 12, na usitegemee wastani: mwezi wenye 38,000 utaulizwa hata kama uliofuata ulikuwa na 60,000. Anayefanya kazi Thailand kwa kibali halali hutumia barua ya mwajiri na karatasi za kodi, PND 1 na PND 91. Kuchanganya akiba kidogo na kipato kidogo kunaruhusiwa kwa wastaafu. Kwa ndoa, hapana.

Hatua ya 4: Bahasha

Fomu TM.7 yenye picha ya sentimita 4 kwa 6, pasipoti na nakala za kurasa zenye muhuri, Kor Ror 3 na Kor Ror 2 mpya (au Kor Ror 22), kitambulisho cha mwenzi, tabien baan yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto mlio nao, uthibitisho kwamba makazi yako yameandikishwa kwa TM.30, ramani ya kuelekea nyumbani, na baht 1,900 taslimu. Kwa upande wa benki, barua ya kuthibitisha salio pamoja na nakala za kitabu chote. Chukua barua siku ile ile ya maombi au jana yake, na asubuhi hiyo weka au toa baht 100 kwenye akaunti ili kitabu kichapwe tarehe ya siku hiyo. Ofisi nyingine hutaka taarifa ya akaunti ya miezi 12, ambayo huchukua siku kadhaa kutolewa. Uliza mapema.

Nakala zako utazitia sahihi wewe kila ukurasa, kwa wino wa buluu. Nakala za mwenzi atazitia sahihi yeye. Andaa seti mbili. Ofisi za mikoani hupeleka faili ngazi ya juu kuidhinishwa na huhitaji kubaki na moja.

TM.30 ni taarifa ambayo mwenye nyumba anapaswa kuitoa ndani ya saa 24 baada ya mgeni kufika. Mkikaa kwa wakwe, mwenye nyumba ni yule anayetajwa kwenye kitabu cha buluu, yaani tabien baan, pengine mama mkwe ambaye hajawahi kusikia habari hiyo. Mpeleke, au mmoja wenu aende na idhini yake na nakala ya kitambulisho chake. Isipofanyika, dirisha litasimamisha kila kitu na faini italipwa kwanza.

Halafu picha. Uhamiaji hawataki picha za harusi. Wanataka zinazowaonyesha mkiishi pamoja: mbele ya nyumba namba ikisomeka, sebuleni, jikoni, na chumbani. Ya chumbani huwashtua watu wa kwetu, lakini ni kukaa tu ukingoni mwa kitanda mmevaa nguo za heshima. Sura zenu zote mbili zionekane kila picha, na nguo zisiwe zile zile zote. Picha kumi za dakika tano haziaminishi.

Hatua ya 5: Dirishani na baada yake

Mwenzi wako lazima aje. Mtaulizwa, naye atajibu kwa Kithai, mlikutana wapi, mnaishi na nani, nani anafanya kazi gani. Ofisi nyingine humtaka pia shahidi Mthai, jirani au ndugu, mwenye kitambulisho. Majibu yafanane, mume akisema walikutana Phuket na mke akasema Dubai, afisa huanza kuandika upya.

Hutapewa mwaka siku hiyo. Utapigwa muhuri wa "inashughulikiwa" wenye tarehe ya kurudi, kwa kawaida baada ya siku 30. Katika kipindi hicho maafisa wanaweza kuja nyumbani bila miadi, kuongea na jirani na kupiga picha. Usitoe fedha benki na usisafiri nje ya nchi. Baada ya muhuri wa mwisho akiba unaweza kuitumia, tofauti na wastaafu wanaolazimika kuacha kiasi mwaka mzima. Mwaka unahesabiwa kuanzia pale ruhusa ya zamani ilipoishia, kwa hiyo kuwahi kuomba hakukupunguzii hata siku moja. Pasipoti ikiisha mapema, ruhusa nayo hukatwa hapo. Mtanzania anayetegemea Kuala Lumpur afanye upya pasipoti kabla haijabaki chini ya miezi 18.

Makosa yanayofuata muhuri ni mawili, na yote ni ya kusahau. La kwanza ni kuondoka Thailand bila kibali cha kurudi. Ukivuka mpaka bila hicho, mwaka wako umefutika na unaanza tena na Non-O. Fomu ni TM.8, baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari zisizo na idadi, na hupatikana hata uwanja wa ndege kabla ya kupanda. La pili ni taarifa ya siku 90, fomu TM.47, inayotolewa bure kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake. Ukichelewa ni faini ya baht 2,000. Ukitoka nchini hesabu huanza upya siku unayorudi.

Kupitisha tarehe ya ruhusa yenyewe ni jambo zito zaidi. Faini ni baht 500 kwa siku, ikiishia 20,000, na anayejitokeza mwenyewe baada ya kupitiliza zaidi ya siku 90 hufungiwa mwaka mmoja asiingie tena. Akikamatwa kabla hajajitokeza, hufungiwa miaka 5, hata kama zimepita siku chache tu. Cheti cha ndoa hakimwokoi.

Nyongeza ya ndoa haizuii kazi wala hairuhusu peke yake: kibali cha kazi huombwa Wizara ya Kazi, na kampuni inayomwajiri mgeni mwenye mwenzi Mthai hutakiwa mtaji wa baht milioni 1 badala ya milioni 2. Mkiachana kisheria, msingi wa ruhusa umeondoka siku hiyo. Nenda uhamiaji mara moja kuuliza njia nyingine, kama vile kuwa mzazi wa mtoto Mthai, kuliko kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye pasipoti.

Mwaka wa pili faili ni lile lile: Kor Ror 2 mpya, picha mpya, laki nne zikiwa zimerudi benki miezi miwili kabla. Andika kwenye simu tarehe ya kurudisha fedha siku ile ile unapopewa muhuri, na iweke siku 75 kabla ya siku ya maombi, sio 60.